Mahali pa Kuulizia Jina

Noella alikuwa mchoraji wa kurasa za simu. Majirani zake wa Kasenga, hapo Uvira, mji wa kando ya ziwa karibu na mpaka wa Burundi, walimwuliza mara nyingi kazi hiyo ni kazi gani. Aliwaeleza kwamba programu ya simu ina mtu anayeiandika kwa ndani ili itembee, na ina mtu mwingine anayeamua ukiifungua uone nini kwanza, ufinye wapi, usije ukapotea. Yeye alikuwa huyo wa pili. Wa kwanza aliitwa Ildephonse, mwenzake tangu masomo ya juu, mtu mpole lakini mgumu kugeuzwa akishaamua jambo.

Wawili hao walitengeneza programu iliyoitwa Uko Wapi. Shirika moja la misaada ndilo lililowapa kazi hiyo, wakati watu wa bonde la Ruzizi walipoanza kukimbia vijiji vyao na familia kutawanyika. Aliyepotezana na watu wake aliweka humo jina lake, picha yake na mahali alipo. Aliyemtafuta alifungua na kumwona. Basi.

Jambo moja tu liliwagombanisha: mahali pa kutafutia. Noella alitaka kisanduku kikubwa chini ya kioo, karibu na kidole gumba, kilichoandikwa "Tafuta muntu". Alisema mtu anayekimbia hana mikono miwili ya bure. Mmoja umebeba mtoto au mzigo. Ildephonse alitaka ukurasa wa kwanza ujae picha za watu, na alama ndogo ya lupe, kile kioo cha kukuzia chenye mkia, ikae juu kabisa, kwenye kona ya kuume, kama ilivyo katika programu nyingine.

"Wazee wengi hawasome," alisema. "Sura njo wanajua. Mama akiona sura ya mutoto wake, ameshafika. Na ile lupe kila mutu anaijua."

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Siku zile waliojiandikisha walikuwa wachache, na macho yaliweza kuwapitia wote kabla chai haijapoa. Shirika nalo lilipenda picha. Noella akachora walivyotaka, akaendelea na mengine.

Kisha vita vikashuka hadi Uvira.

Vilimkuta Noella nyumbani na binti yake Eliane, ambaye alikuwa bado hajaanza kutambaa, pamoja na mama mkwe wake, Mama Émérance. Mume wake, Basile, aliyekuwa mwalimu, alikuwa Luvungi kumwangalia mjomba wake mgonjwa. Alipiga simu asubuhi akasema anatafuta pikipiki ya kumrudisha. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Ildephonse alikuwa amevuka na familia yake kwenda Bujumbura kabla mpaka haujafungwa. Alimsihi Noella wavuke pamoja, lakini nyonga ya Mama Émérance haikumruhusu kutembea hata hadi barabarani, na Noella hakutaka Basile aje akute nyumba imefungwa. Alipobadili mawazo, hapakuwa tena na njia. Mbele ziwa, nyuma milima, kusini na kaskazini barabara zenye watu wa silaha.

Wakajifungia. Nyumba yao ilikuwa na ujia mwembamba katikati, kati ya vyumba, usio na dirisha. Waliburuta godoro hadi humo, wakapanga na ndoo za maji, maharage na mfuko wa unga. Mchana mwanga uliingia kwa mwanya wa chini ya mlango wa jikoni tu, na ndipo hapo pekee simu iliposhika mtandao, kwenye sakafu, karibu na mlango. Milio ya risasi ilisogea, ikaenda mbali, ikarudi. Ikinyamaza walisikia jogoo wa jirani, na ukimya ule ulikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa hawakujua umeleta nini.

Eliane akashikwa na homa. Hakukubali kulazwa. Ukimweka chini alilia, ukimwinua alinyamaza. Noella alimbeba mkono wa kushoto mpaka mkono ukafa ganzi, na mgongo akauegemeza ukutani. Alitamani kusimama nje kidogo tu, apate upepo wa ziwa usoni. Badala yake alihesabu misumari ya dari, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Mama Émérance aliketi upande wa pili wa godoro, karibu na mlango, simu yake ya zamani ikiwa karibu na pua. Midomo yake ilichezacheza. Noella alidhani anasoma sala. Ilikuwa karibu adhuhuri alipomwona akipitisha kidole juu ya kioo, anasimama, anapitisha tena.

"Mama, unafanya nini?"

"Natafuta Basile," mzee akajibu bila kuinua macho. "Niko naangalia batu moja moja. Ni bengi, mutoto yangu. Toka asubui naangalia."

Noella akahisi kama mtu aliyepigwa kofi. Tangu vita vishuke, watu walikuwa wamemiminika kwenye ile programu: wa Sange, wa Kiliba, wa Luvungi, wa milimani Mulenge. Picha zilikuwa maelfu. Na huyu mama alikuwa anazipanda moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda mlima kwa magoti, huku betri ikiishia mkononi mwake, na umeme ulikuwa umekatika.

"Lakini Mama, kuna fasi ya kuandika jina. Unaandika Basile, inakuletea ba-Basile tu."

"Wapi?"

"Kule juu, mu kona."

Mama Émérance akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. "Hii kadude? Minye niliwaza ni alama ya kiwanda yenye ilitengeneza simu."

Noella aliipapasa simu yake pale karibu na mlango, akaifungua Uko Wapi aliyoichora mwenyewe. Mtoto alikuwa begani, hivyo alibaki na mkono mmoja. Simu ilikuwa ya zile kubwa. Kidole gumba kilifika nusu ya kioo kikagoma. Alijinyoosha, akaikaza simu kwa kiganja, akasogeza vidole ili gumba lipande kidogo. Mara simu ikamponyoka, ikamwangukia Eliane kwenye paji la uso.

Mtoto akapiga ukelele.

Wakati uleule walisikia viatu nje. Watu walikuwa wanapita kando ya ukuta wa uwanja, wengi, bila kuzungumza. Viatu vikasimama. Mama Émérance alizima simu yake na kuifunika kwa kitenge. Noella alimbana mtoto kifuani, akalitafuta titi, akamtia mdomoni. Eliane alilikataa, akageuza kichwa, akavuta pumzi ya kulia tena. Noella alimrudisha. Hakuweza kumziba mdomo. Alifikiria kufanya hivyo, na wazo hilo lilimtisha kuliko vile viatu. Kisha mtoto akashika, akanyonya, machozi yakimshuka kuelekea sikioni.

Bati la lango liligongwa mara moja, kama na mtu anayejaribu kujua ni la nini. Kimya. Halafu viatu vikaendelea, vikapungua, vikaisha.

Mama Émérance ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mupe minye mutoto. Weye andika."

Noella akampa. Eliane, ambaye kutwa nzima alikuwa amekataa mikono mingine, sasa alikubali. Noella aliishika simu kwa mikono miwili, akafinya ile lupe, akaandika jina la mume wake. Wakaja akina Basile watatu: mzee wa Sange, kijana asiye na picha aliyesema yuko Burundi, na mtoto mdogo aliyeandikishwa na nyanya yake. Akaandika kwa herufi ya z, kama wengine wanavyoliandika. Hakuna. Akaandika jina la ukoo. Hakuna.

Akaweka simu chini, akalia bila sauti. Alipomaliza, alijipangusa na upindo wa kitenge na kumpelekea Ildephonse ujumbe wa sauti, akinong'ona na kumwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama alivyozoea.

"Yaya Ilde, ile fasi ya kutafuta tuishushe. Leo. Mama wa Basile ameshinda anaangalia picha moja moja. Hakujua kama kuna fasi ya kuandika jina. Na minye mwenyewe nimeshindwa kufika pale juu na mukono moja. Simu imeangukia mutoto, batu ba bunduki bako nje."

Jibu lilichelewa kuingia. Sauti ya Ildephonse ilikuja na kelele za magari ya Bujumbura nyuma yake, kelele za mahali ambapo watu wanatembea tu.

"Noella, pole sana. Mutoto yuko muzuri? Lakini sikia. Batu bako mu shida sasa hivi. Haifai kuhamisha mulango ya nyumba wakati batu banakimbilia ndani. Wenye bameshazoea kule juu batapotea. Tungojee kidogo, ile siku bitatulia tutabadirisha vizuri."

Noella aliisikiliza mara mbili. Hasira ilimpanda, na alishukuru kuipata, kwa sababu tangu asubuhi hofu ilikuwa peke yake ndani yake.

"Nani amezoea?" akanong'ona. "Angalia kule ndani ya mashine. Weye njo uko na uwezo wa kuona. Batu bangapi banafungua, na bangapi banafinya ile lupe? Angalia kwanza, kisha unijibu."

Safari hii ilichukua muda zaidi. Mwanya wa chini ya mlango ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya alasiri. Mama Émérance alikuwa ameegemea ukuta na mjukuu amelala juu ya tumbo lake. Ujumbe ulipoingia, Ildephonse hakuwa na sauti ya kubishana tena.

"Nimeona," alisema. "Karibu wote wanashuka tu na picha. Wanashuka, wanashuka, wanafunga. Asubui wanarudia pale pale mwanzo. Noella, kuna muntu mumoja ambaye ameipitia yote mara tatu." Honi ikalia nyuma yake. "Minye natengeneza sasa. Nipe tu dakika."

Alifanya kazi, na kabla ya jioni toleo jipya likawa tayari: kisanduku chini, kipana, maneno "Tafuta muntu" ndani yake. Alimtumia picha yake. Noella aliitazama kwa kiu. Ndicho kile alichokichora mwanzo, isipokuwa rangi.

Kisha akajaribu kulishusha toleo hilo kwenye simu yake. Mstari ulitembea kidogo ukasimama. Akarudia. Ukasimama palepale. Mtandao wa mji ulikuwa mwembamba kama uzi. Ujumbe wa sauti ulipita kwa tabu, lakini kitu kizito kama programu nzima hakikuweza. Maduka ya mega, yanayouza vifurushi vya intaneti, yote yalikuwa yamefungwa. Alielewa mara moja maana yake: mlango mpya ulikuwa umetengenezwa, lakini uko Bujumbura, na waliouhitaji walikuwa huku, kila mmoja katika ujia wake, wakiwa na mlango wa zamani uliofichwa kwenye kona.

"Haishuke," akamwambia Ildephonse. "Kama kwangu haishuke, kwa bengine pia haishuke."

"Basi hatuna njia," akajibu Ildephonse. Alisikika amechoka. Baada ya kitambo akatuma neno jingine. "Ila sauti yako inanifikia. Tangu muchana inanifikia."

Noella aliitazama simu. Betri ilikuwa imeingia kwenye wekundu. Alimwambia Mama Émérance atakachofanya, na mzee akamsukumia mto, afunike nao mdomo wake na simu ili sauti isitoke nje. Noella akajikunja chini ya mto ule, kwenye joto na harufu ya unga na mafuta ya mtoto, akaongea polepole kama anayemwelekeza mgeni nyumbani kwake.

"Batu ba Uvira, ba Kiliba, ba Luvungi, ba kila fasi. Jina yangu ni Noella, niko Uvira. Kama uko na Uko Wapi mu simu yako, usiangalie picha moja moja, utamaliza batri bure. Angalia juu kabisa, ku mukono ya kuume. Utaona kaduara kadogo kenye mukia. Haiko pambo. Finya pale. Andika jina ya muntu wako. Kama simu ni kubwa na umebeba mutoto, weka simu chini kwanza, ao mupatie mwenzako mutoto. Usijikaze na mukono moja. Kama haujue kuandika, omba jirani akuandikie. Jaribu jina kwa namna mbalimbali. Na uambie bengine. Mungu abalinde."

Aliupeleka kwa kwaya ya parokia, kwa kundi la akina mama wa Kasenga, kwa kundi la walimu wenzake Basile, na kwa Ildephonse, aliyeusambaza kote alikoweza. Simu ikazima mkononi mwake.

Siku zilizofuata ziliingiliana. Maji ya ndoo yalipungua, wakaacha kunawa. Homa ya Eliane ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Mama Émérance aliizima simu yake ya zamani na kuiwasha mara chache, wanasoma yaliyoingia, wanaizima. Ildephonse aliandika kwamba watu wameanza kufinya lupe: kwanza Uvira, kisha bondeni, kisha kambini ng'ambo ya mpaka. Aliandika kuhusu mama mmoja wa Kavimvira, Laurette, aliyewapata wanawe wawili walioandikishwa huko Mulenge na wafugaji waliowapa hifadhi. Sura zao asingezitambua, kwani walikuwa wamenyolewa na mmoja alitazama kando. Noella aliwafurahia, na furaha ile ilimuuma pembeni. Kila waliposhika mtandao aliandika jina la Basile. Hakuna. Alianza kuogopa kuandika.

Simu ililia mchana mmoja, katika dakika zile chache ilipokuwa imewashwa. Namba ilikuwa ngeni. Mama Émérance alimpa Noella kana kwamba inaunguza.

"Allô?"

Kwanza alisikia pumzi, na watoto wengi wakipiga kelele mahali fulani.

"Mama Eliane."

Noella aliikaza simu sikioni.

"Mama Eliane, minye niko Lubarika, mu shule, na bakimbizi bengine. Simu yangu balinipokonya ku njia. Sasa kuna mama mumoja hapa, anaitwa Sabine, alikuwa anasikilizisha batu sauti fulani ya ku simu, namna ya kutafuta ndugu. Nilikuwa nimelala. Nikasikia weye. Niliwaza ni ndoto. Nikamwambia, mama, rudisha tena. Nikasikia unasema 'usijikaze na mukono moja', nikajua uko muzima, na mutoto pia uko naye."

"Tumekutafuta," Noella alisema. "Kila siku naandika jina yako. Juu ya nini haukujiandikisha?"

Basile akashusha sauti. "Niliogopa. Kujiandikisha ni kuonyesha kila muntu fasi yenye uko. Bengi hapa banaogopa vile."

Noella alifumba macho. Hilo hawakuwa wamelifikiria, yeye na Ildephonse, walipokuwa wakigombania kona ya juu na chini. Angeweza kukiweka kile kisanduku mahali bora kuliko pote duniani na asimpate kamwe mume wake.

"Na mama?" Basile aliuliza.

Noella aliisogeza simu kwenye sikio la Mama Émérance. Mzee hakusema jina la mwanawe. Alisema tu, "Umekula?" na aliposikia jibu akaanza kulia kwa nguvu, na mara hii Noella hakumwambia anyamaze.

Basile hakuweza kuja. Barabara ilibaki imefungwa muda mrefu baada ya siku ile, na wao walibaki katika ujia wao, wakijua sasa mahali alipo, umbali ambao pikipiki ingeumaliza kabla ya chakula cha mchana kuiva. Kujua huko kulipunguza hofu, lakini kuta hazikusogea. Wakati mwingine Noella alifikiri kwamba kumewabana zaidi.

Barabara ilipofunguka Basile alikuja amekonda, ana ndevu, amevaa shati la mtu mwingine. Eliane alimkataa siku mbili nzima. Mama Émérance alimlisha ndagala, wale dagaa wa ziwani, na ugali mpaka akaomba huruma. Usiku wa kwanza walijaribu kulala chumbani, na wote wanne wakaishia kwenye ujia, bila mtu kupendekeza.

Ildephonse aliporudi, walikaa na Noella kwenye kiti kirefu nje ya nyumba, simu mbili katikati yao. Kisanduku kilibaki chini. Picha zikabaki juu yake, kwa wasiosoma. Ile lupe Ildephonse alitaka ibaki pia, kwa ajili ya waliojifunza kwa sauti ya Noella, naye akakubali. Kisha wakaanza jambo gumu zaidi: namna ya mtu kupatikana na watu wake pekee, bila kujionyesha kwa kila mtu. Walizungumza mpaka jua likawahamisha kivulini, na hawakuafikiana.

Wiki hiyo shirika liliandika. Waliipenda kazi, walisema, ila kisanduku kile cha chini kilikuwa kimefunika alama za wafadhili. Je, kingeweza kurudishwa juu? Ildephonse alimsomea Noella, akangoja. Noella alikuwa anamnyonyesha mtoto, simu imelala gotini. Akaandika jibu kwa kidole kimoja: hapana, hakiwezi. Akampa Ildephonse, naye akaongeza jina lake chini ya lile la Noella, akatuma.